Kwenda Namibia Kujitolea Shuleni na Porini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu niliporudi kutoka mkoa wa Kunene, kaskazini-magharibi mwa Namibia, nimekuwa nikijibu maswali yale yale kwa simu, kwa ujumbe na kwenye mabaraza ya kahawa. Wanaouliza ni walimu wenzangu, wahitimu wa vyuo wanaosubiri ajira, na wazazi wenye hofu kuhusu binti au kijana wao. Nimeyakusanya hapa. Nilifundisha shule ya msingi kwa mwaka mmoja, na wakati wa likizo za shule nilikuwa na kikosi kinachojenga kuta za kulinda visima dhidi ya tembo. Ninayoyaandika yanaihusu Namibia, ingawa mengi yatamfaa hata anayekwenda Zambia, Botswana au mbali zaidi.

## Mambo ya mwanzo

Kujitolea nje ya nchi ni nini hasa? Ni kazi, ni masomo au ni utalii?

Ni kazi isiyo na mshahara, unayoifanya kwa sababu kuna watu wameiomba. Unaweza kupewa chakula, malazi na posho ndogo, au usipewe chochote. Neno la kushika hapo ni "wameiomba". Kama hakuna mwalimu mkuu, kamati ya kijiji au mradi uliosema "tunahitaji mtu wa kufanya jambo hili", basi unakwenda kutembea. Kutembea si kosa, ila tukuite kutembea.

Kwani kujitolea si mambo ya Wazungu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini huulizwa kila mara. Jibu langu ni hapana. Tanzania iliwapokea wapigania uhuru wa Namibia walipokuwa hawana pa kwenda. Kiongozi wao, Sam Nujoma, alifika Dar es Salaam mwaka 1960, SWAPO, chama chao cha ukombozi, ikafungua ofisi pale, na katika miaka ya 1960 wapiganaji wao walikuwa na kambi Kongwa, Dodoma. Waliowalisha na kuwafundisha hawakuitwa volontia, lakini walijitolea. Bado wapo wazee Namibia ambao ukiwaambia unatoka Tanzania uso hubadilika, na mara mojamoja utasikia "habari gani" isiyotarajiwa.

Kuna jambo jingine. Mwafrika Mashariki anapoingia kijiji cha wafugaji, hahitaji kuelezwa mbuzi ana thamani gani. Hiyo ni akiba kubwa kuliko cheti.

Kwa nini Namibia?

Kwa sababu pale uhifadhi umewekwa mikononi mwa wanavijiji kwa namna inayofaa kujifunza. Nchi ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, na katiba yake inaitaka serikali itunze mazingira. Mwaka 1996 sheria ilirekebishwa ili jamii zinazoishi kwenye ardhi ya pamoja ziunde jumuiya za hifadhi na kupata haki juu ya wanyamapori na mapato ya utalii. Leo jumuiya hizo zimefika zaidi ya 80 na zinachukua karibu sehemu moja ya tano ya nchi. Mtanzania atazifananisha na Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, zile WMA zetu. Mkenya atafikiria hifadhi za jamii za Samburu au Laikipia. Kufanana kupo, tofauti pia zipo, na tofauti hizo ndizo zinazostahili nauli.

Ualimu na wanyamapori vinakutana wapi? Si ni kazi mbili tofauti?

Nilidhani hivyo nilipokuwa nafunga begi. Wiki ya tatu, mvulana wa darasa la tano alikosa shule siku nne mfululizo. Tembo walikuwa wamevunja tangi la maji la kwao usiku, na yeye na dada yake walikuwa wakipeleka mbuzi kunywa kwenye kisima cha mbali. Alirudi siku ya tano akiwa amechoka, nami nilikuwa nimeandika ubaoni "Umuhimu wa wanyamapori". Nilifuta. Tukaanza na swali lake yeye: tembo anakunywa lita ngapi?

Mtoto anayekaa mbele yako ni yule yule ambaye mbuzi wao ameliwa na duma au bomba lao limeng'olewa. Kama kazi ya porini haifanyiki, darasani viti vinabaki wazi. Na kama darasani hakuna anayeeleza, porini bunduki na sumu huja mbele.

Nikae muda gani?

Kwa kufundisha, usiende chini ya muhula mzima. Mwaka wa shule Namibia huanza Januari na kumalizika mwishoni mwa mwaka, kwa mihula mitatu. Mwalimu wa wiki mbili huwaachia watoto nyimbo na pipi, kisha mwalimu wa darasa hutumia wiki nyingine kuwarudisha kwenye mtaala. Kwa kazi ya mikono porini, wiki mbili hadi nne zinaweza kufaa, kwa kuwa ukuta ukimalizika umemalizika. Ukiwa na mwezi mmoja tu, nenda ukajenge, usiende kufundisha. Najua ushauri huu huwavunja moyo wengi, lakini nimeona nyuso za watoto wanapoagwa mara ya tatu kwa mwaka na mtu waliyeanza kumzoea.

## Karatasi, fedha na safari

Je, nahitaji viza?

Mtanzania na Mkenya huingia Namibia kama wageni bila viza kwa muda mfupi. Lakini kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Kwa Namibia, kujitolea kunahesabiwa kuwa kazi, hata kama hulipwi senti. Unahitaji kibali cha kazi cha muda mfupi, na kwa kukaa muda mrefu, kibali kamili. Taasisi inayokupokea ndiyo inayokuombea kwenye Wizara ya Mambo ya Ndani kule Windhoek, nawe unatuma nyaraka. Anayekwambia "ingia tu kama mtalii, hakuna atakayeuliza" anakuweka wewe hatarini, si yeye. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo pata jibu la ubalozi kabla ya kukata tiketi.

Niandae karatasi gani nyingine?

Pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita na kurasa tupu za kutosha. Cheti cha tabia njema kutoka polisi: Tanzania utachukuliwa alama za vidole, Kenya utaanzia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha upeleke alama kwa DCI, idara ya upelelezi. Nakala za vyeti vya masomo zilizothibitishwa na wakili. Barua mbili za watu wanaokufahamu kikazi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, hasa kama unatoka Kenya au unapitia nchi yenye ugonjwa huo; hata ukiambiwa haihitajiki, ibebe.

Shule au mradi usiokudai cheti cha polisi kabla ya kukukabidhi watoto unapaswa kukutia shaka. Kama hawakukuuliza wewe, hawakumuuliza na mwingine.

Kwa nini nilipe ada ili nifanye kazi ya bure?

Swali hili lina hasira ndani yake, na naielewa. Miradi mingi ya wanyamapori hutoza ada ya ushiriki. Sehemu yake ni chakula chako, mafuta ya gari na mahema. Sehemu nyingine hununua saruji na kulipa mafundi wa kijijini. Kwa mradi mdogo usio na mfadhili, ada za volontia ndizo zinazouendesha. Hilo ni halali, ilimradi wakuoneshe fedha inakwenda wapi.

Uliza maswali matatu kabla ya kulipa: kiasi gani cha ada kinabaki kijijini, nani wenyeji walioajiriwa, na je, kama volontia wote wakiondoka kesho kazi itaendelea? Mradi mzuri hujibu haraka na kwa furaha. Mimi niliwahi kutuma malipo ya awali kwa wakala mmoja wa mtandaoni aliyeniahidi shule na mbuga kwa pamoja. Nilipouliza jina la mwalimu mkuu, barua pepe zikakoma. Fedha hiyo sikuiona tena.

Pia zungumza kuhusu punguzo. Miradi mingi hupanga ada ikiwa na mtu wa Ulaya kichwani. Ukieleza kuwa unatoka Afrika Mashariki na una ujuzi fulani (ufundi, uuguzi, ualimu), baadhi hupunguza sana au hukuingiza bure badala ya kazi ya kudumu zaidi. Haya hayaandikwi popote, ni lazima uombe.

Zipo njia zisizo na ada?

Zipo, ila ushindani ni mkali. Programu ya Umoja wa Mataifa ya Kujitolea, UNV, iliyoanzishwa mwaka 1970 na yenye makao yake Bonn, haimtozi mwombaji chochote na hutoa posho ya kujikimu. Kikosi cha Vijana wa Kujitolea cha Umoja wa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2010, huwachukua vijana wa miaka 18 hadi 35 kwa miezi 12. VSO, shirika la Uingereza la tangu 1958, lina historia ya kupeleka wataalamu wa Kiafrika katika nchi nyingine za Afrika. Hizi zote hutafuta mtu mwenye taaluma. Kama umemaliza chuo jana, anza kwa kujitolea nyumbani mwaka mmoja. Ndilo jambo litakalosomwa kwanza kwenye maombi yako.

Mtu yeyote anayekudai fedha ili "akuingize" UNV ni tapeli. Hilo halina mjadala.

Naweza kwenda kwa barabara?

Ndiyo, na kwa mwenye muda ni shule tosha. Kutoka Dar es Salaam hadi Windhoek ni zaidi ya kilomita 3,500. Unaweza kupanda treni ya TAZARA hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, au basi kupitia Tunduma. Kutoka Lusaka unashuka Livingstone, kisha Sesheke, unavuka Zambezi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2004 na kutokea Katima Mulilo, ndani ya Namibia. Baada ya hapo barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Bwabwata, na kuna vibao vya kutahadharisha tembo kama vile kwetu Mikumi. Safari yangu ilichukua siku sita kwa sababu ya kusubiri treni na kulala njiani. Usipange kufika Ijumaa na kuanza kazi Jumatatu.

Nipakie nini?

Nguo za baridi! Watu hucheka, halafu huniandikia mwezi Juni wakitetemeka. Usiku wa Juni hadi Agosti, nyuzi joto katika sehemu za nyanda za juu na jangwani zinaweza kushuka hadi sifuri au chini yake. Beba blanketi zito au mfuko mzuri wa kulalia, kofia ya pamba, na kofia pana kwa ajili ya jua la mchana. Tochi ya kichwani. Viatu vya soli ngumu, kwa sababu ya miiba. Adapta ya plagi ya pini tatu nene za duara kama za Afrika Kusini, maana chaja yako ya pini bapa haitaingia. Fedha yao ni dola ya Namibia, ambayo thamani yake ni sawa na randi, na randi hupokelewa pia.

## Darasani

Sina cheti cha ualimu. Naruhusiwa kufundisha?

Kushika darasa peke yako, hapana, na usikubali hata ukiombwa. Utakuwa msaidizi: kuwasomesha watoto watatu waliobaki nyuma, kusimamia maktaba, kusahihisha, kuendesha klabu ya mazingira au michezo. Kazi hiyo haina heshima ndogo. Mwalimu mwenye watoto 40 hapati dakika ya kukaa na yule asiyejua kuunganisha herufi, nawe unazo dakika hizo.

Mwenye cheti atafanya zaidi, lakini bado chini ya mwalimu wa pale. Omba mtaala wao, soma azimio lao la kazi, andaa andalio la somo kwa utaratibu wao. Shule niliyokuwapo ilikuwa na kabati lililojaa zana zilizoachwa na wageni waliopita, hakuna hata moja iliyolingana na mtaala.

Swali linalofuata huwa ni hili: je, sitamnyima kijana wa pale ajira? Inawezekana. Namibia ina vijana wengi waliosomea ualimu na hawana kazi. Ukiona shule inakutumia kujaza nafasi ambayo ingelipwa mshahara, sema na mwalimu mkuu, na kama haibadiliki, ondoka.

Watoto wanazungumza lugha gani?

Darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, na kuanzia la nne hugeuka Kiingereza. Kunene utakutana na Kikhoekhoe, lugha ya Wadamara na Wanama yenye sauti za kudonoa ulimi, na Otjiherero ya Waherero na Wahimba. Watu wazima wengi wanajua Kiafrikana pia.

Hapa mwalimu wa Kitanzania ana jambo la kutoa ambalo mgeni wa Ulaya hana. Sisi tumeuvuka ukuta huo wenyewe: miaka saba ya Kiswahili, kisha kidato cha kwanza asubuhi moja kila kitu ni Kiingereza. Nakumbuka nikikariri sentensi za Biolojia nisizozielewa. Kwa hiyo nilipowaona watoto wa darasa la nne wamenyamaza, sikudhani ni wavivu wala wazito. Nilimwomba mwalimu mwenzangu asimame nami, yeye aseme kwa Kikhoekhoe, mimi kwa Kiingereza, watoto warudie kwa lugha yoyote. Ndani ya muhula mmoja kelele zilirudi darasani, na kelele hizo zilikuwa furaha yangu.

Kiswahili kitanisaidia?

Kwa mazungumzo ya kila siku, hapana. Kwa kujifunza Otjiherero, sana. Ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kiswahili: *ongombe* ni ng'ombe, *onyama* ni nyama, *omuti* ni mti, *omundu* ni mtu. Ukiondoa ile irabu ya mwanzo, neno linakutazama kama jamaa aliyepotea. Watoto walipenda mchezo huo kuliko hadithi zangu zote. Kikhoekhoe hakina undugu huo. Anza na *Matisa*, ndiyo "habari", na ukubali kuchekwa.

Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu Agosti 2019, na shule nyingine huvutiwa na wazo la klabu ya Kiswahili. Ifanye baada ya masomo, wakikuomba.

Nifundisheje uhifadhi bila kuwahubiria?

Anza na wanachokijua. Watoto wa Kunene wanajua nyayo za fisi, mbweha na chui kuliko wewe. Waache wakufundishe, kisha wewe lete hesabu na maswali. Tembo mzima hunywa kati ya lita 100 na 200 kwa siku; tangi la kijiji lina lita ngapi; litakaa siku ngapi wakija tembo sita? Hilo ni somo la kugawanya, na jioni linakuwa mazungumzo mezani kwao.

Tuliwapeleka pia Twyfelfontein, ambako kuna maelfu ya michoro iliyochongwa mwambani: twiga, kifaru, na simba mwenye mkia uliokunjwa. Pamekuwa Urithi wa Dunia tangu 2007, mwaka mmoja baada ya michoro yetu ya Kondoa. Niliwaonesha picha za Kondoa kwenye simu. Msichana mmoja akauliza kama waliochora walikuwa ndugu. Sikuwa na jibu, nikamwambia aandike swali hilo kwenye daftari lake.

Naweza kujitolea kwenye kituo cha yatima badala ya shule?

Nakusihi usiende. Watoto wengi katika vituo vya aina hiyo duniani wana mzazi aliye hai au ndugu, na vituo vingine huwashikilia kwa sababu wageni na michango yao hufuata watoto. Mtoto aliyeachwa mara moja hahitaji mtu mpya wa kumkumbatia kila mwezi. Kama moyo wako uko huko, saidia shule au zahanati inayoziwezesha familia kukaa na watoto wao.

## Porini

Kazi ya siku inakuwaje?

Kuamka kabla ya jua, uji au mkate, kisha kubeba mawe, kuchanganya saruji na kupumzika saa za jua kali. Siku za kufuatilia wanyama, unakaa kwenye gari au kutembea nyuma ya mwenyeji, ukiandika: saa ngapi, wangapi, majike na ndama, alama za masikio. Kamera za kutegesha hutoa maelfu ya picha, na nyingi ni za mbuzi. Mtu aliyetarajia msisimko kila saa atachoka siku ya pili.

Hizo kuta za visima ni kitu gani?

Ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tembo wa kaskazini-magharibi mwa Namibia wanaishi jangwani. Hufuata mabonde ya mito isiyo na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, kama Ugab, Huab na Hoanib, wakila majani, magome na maganda ya migunga mikubwa. Wanaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa. Katika miaka ya 1970 na 1980 ujangili uliwapunguza mno, hata maeneo ya kusini mwa Kunene yakabaki bila tembo. Waliporudi, walikuta watu ambao baba zao hawakuwahi kuishi nao. Mfugaji hakujua kwamba tembo akinyimwa maji hung'oa bomba kwa mkonga, na tembo hakujua kwamba maji yale yana mwenyewe.

Ukuta hujengwa kwa mawe na saruji kuzunguka pampu na tangi, mnene na mrefu kiasi cha tembo kutofikia. Nje yake huachwa birika la kunywea. Tembo anakunywa na kuondoka, pampu inabaki salama, asubuhi mbuzi wanakunywa. Hakuna ujanja mkubwa ndani yake, ila mawe mengi na watu wa kuyabeba. Fundi ni wa kijijini na analipwa. Volontia ni mbeba mawe. Siku tuliyomaliza ukuta wa kwanza, bibi mwenye kisima alipita akiugonga kwa fimbo pande zote, polepole, kisha akatupa chai bila kusema neno.

Na duma?

Namibia ina duma wengi wa porini kuliko nchi nyingi, na sehemu kubwa yao wanaishi kwenye ardhi ya wafugaji, si mbugani. Miaka ya 1980 wafugaji waliwaua au kuwakamata kwa maelfu. Cheetah Conservation Fund, taasisi ya kuhifadhi duma iliyoanzishwa na Laurie Marker mwaka 1990 karibu na Otjiwarongo, ilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, ambao hulelewa pamoja na mbuzi tangu wakiwa wadogo. Mbwa hamfukuzi duma mbali. Husimama tu na kubweka, na duma, ambaye hana mwili wa kupigana, huenda zake. Mbwa wa aina hiyo wamewahi kujaribiwa pia katika vijiji jirani na Ruaha, Iringa. Volontia katika miradi kama hiyo husafisha mabanda, husaidia chanjo na huzungumza na wanafunzi wanaotembelea. Pata chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kwenda.

Nitashika wanyama? Nitapiga picha na watoto wa simba?

Hapana, na palipo na jibu "ndiyo" usiende. Katika nchi jirani ya Afrika Kusini, wageni wengi walilipa ili kuwanyonyesha simba wadogo kwa chupa wakiamini wanaokoa mayatima. Wengi wa simba hao walizalishwa kizuizini, walitengwa na mama zao makusudi, na walipokua hawakuweza kurudishwa porini. Wengine waliuzwa kwa wawindaji. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza nia ya kuifunga biashara hiyo. Kipimo ni rahisi: mnyama wa porini anayeguswa na volontia kila wiki haandaliwi kurudi porini.

Ni hatari kiasi gani?

Hatari kubwa ni barabara. Changarawe, mwendo kasi, na wanyama wanaokatiza usiku. Usisafiri usiku. Porini, fuata kiongozi na usitoke kambini gizani bila tochi. Malaria ipo kaskazini na kaskazini-mashariki, hasa msimu wa mvua. Bima yako iwe na usafiri wa dharura, kwa maana kutoka kambini hadi hospitali kunaweza kuchukua nusu siku.

Nimesikia jumuiya za hifadhi huuza vibali vya kuwinda. Huo ni uhifadhi gani?

Baadhi huuza, kwa idadi inayopangwa na wizara, na fedha hulipa askari wa wanyamapori wa vijiji, pamoja na nyama kugawiwa watu. Nilifika nikiwa napinga. Nimeondoka nikiwa bado sipendi kuuona mzoga, lakini nimewasikia wazee wakieleza kwamba kabla ya 1996 mnyama alikuwa wa serikali na hasara ilikuwa yao. Msingi wa imani kwamba mnyama awe wa kijiji ni wa kale kidogo: mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhifadhi Garth Owen-Smith, pamoja na machifu wa Kunene, waliwateua wanavijiji wenyewe kuwa walinzi wa wanyama, na mwaka 1993 yeye na Margaret Jacobsohn walipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Ukienda, sikiliza kwanza. Mgeni hana kura katika kikao cha jumuiya.

## Hali zisizo za kawaida

Mimi ni Muislamu. Nitakula nini, na Ramadhani je?

Windhoek ina msikiti na nyama halali. Kunene, sahau. Mwambie mpishi mapema. Mayai, maharage, samaki wa kopo na uji wa mahindi vitakubeba. Wafugaji wengi watakukubalia kwa furaha uchinje mbuzi mwenyewe. Ukiwa umefunga, omba kazi za daftari badala ya mawe. Hakuna kiongozi mwenye akili atakayekukatalia.

Ni mwajiriwa wa serikali. Naweza kwenda?

Omba likizo bila malipo kwa maandishi kupitia kwa mkuu wako, mapema sana, ukiambatisha barua ya mwaliko. Usiondoke kwa ruhusa ya mdomo. Nawafahamu waliorudi wakakuta jina limeondolewa.

Naweza kuweka picha za wanafunzi mtandaoni?

Usiweke nyuso zao bila ridhaa ya mzazi na ya shule. Na usiweke picha ya kifaru yenye eneo lake. Simu nyingi huandika mahali ndani ya picha, na majangili wanajua kusoma. Zima huduma hiyo kabla hujafika.

Familia imeniomba nimlipie mtoto. Nifanyeje?

Elimu ya msingi ya umma haina ada Namibia tangu 2013 na sekondari tangu 2016, lakini sare, usafiri na mahitaji ya hosteli bado ni mzigo. Usimpe mtu mmoja fedha mkononi, utagawanya kijiji. Peleka kwenye kamati ya shule, bila jina lako kutangazwa, nao waamue. Kama huna, sema huna. Wataelewa, maana wanajua nawe umetoka wapi.

Nimefika na kukuta mradi si ule nilioahidiwa. Nirudi?

Subiri wiki mbili kama usalama wako hauko hatarini, kwa sababu mambo mengi ya siku za kwanza ni uchovu na ugeni. Andika unachokiona, uliza wenyeji kabla ya volontia wenzako. Ukiona watoto wananyanyaswa au wanyama wanateswa, usisubiri: ondoka na utoe taarifa polisi au wizarani, ukiwa na tarehe na maelezo. Ndiyo maana nakushauri uwe na nauli ya kurudi ambayo hutaigusa kwa lolote jingine.

Nikirudi nyumbani, wanafunzi bado wananiandikia. Niendelee kuwajibu?

Wajibu kupitia kwa mwalimu wao, si kwa namba binafsi za watoto. Darasa langu na darasa ninalofundisha sasa hubadilishana barua mara moja kwa muhula, kwa Kiingereza, huku kila upande ukiongeza maneno kumi ya lugha yake. Barua ya mwisho kutoka Kunene ilikuwa na mchoro wa ukuta, na ndani yake tangi, na nje tembo watano wakinywa. Chini mvulana yule wa darasa la tano, ambaye sasa yuko la saba, ameandika kwamba mwaka huu hajakosa shule hata siku moja kwa sababu ya maji.